Uzoefu wangu: Kutafuta ukoo wa Nicodemus, Kansas, kwa FamilySearch na hati za ardhi

Ukoo wa mume wangu unatoka Nicodemus, kijiji cha jimbo la Kansas, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1877 na watu weusi waliotoka utumwani, wengi wao wa Kentucky. Mama mkwe alisimuliwa kwamba wa kwanza kufika waliishi kwenye mashimo waliyochimba ardhini, maana miti ya mbao ilikuwa adimu. Masimulizi anayo, karatasi hana. Nilitaka wanangu wawe navyo vyote viwili.

FamilySearch, tovuti ya kutafutia kumbukumbu za ukoo, ni bure, unafungua akaunti tu. Nilianza na sensa ya 1880, kwa kuwa inaonyesha kila mtu ni nani kwa mkuu wa kaya na wazazi wake walizaliwa jimbo gani. Mzee wetu yumo, Kaunti ya Graham, na mke na watoto. Mwaka 1870 yumo pia, bado Kentucky. Kabla ya hapo giza: katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao kwa umri na jinsia, karibu wote bila majina. Niliposoma orodha zile na mama mkwe tulinyamaza kwa muda mrefu. Kwa kipindi hicho, jaribuni hati za Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyowahudumia walioachwa huru baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, zimo humohumo.

Sensa ya 1890 msiisubiri, karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921 Washington. Kansas ilikuwa na sensa zake za 1885 na 1895, na zinataja mtu alihamia Kansas akitokea wapi. Kuhusu mti wa ukoo wa FamilySearch, yeyote anaweza kuubadilisha, kwa hiyo msipokee jina kabla ya kufungua picha ya hati.

Lakini kilichonigusa kuliko vyote ni ardhi. Sheria ya Homestead ya 1862 ilimpa mtu ekari 160 akiishi hapo na kulima kwa miaka 5. Ni ardhi iliyokuwa ya wenyeji, Wapawnee na Wacheyenne miongoni mwao, na watoto wetu wanaambiwa hilo pia. Tovuti ya serikali ya GLO Records, nayo ya bure, inakuonyesha hatimiliki yenyewe ukiandika jina, jimbo na kaunti. Walioshindwa kukamilisha masharti hawamo.

Hatimiliki ni ukurasa mmoja tu. Utamu uko kwenye faili la maombi, linalotunzwa National Archives, yaani hifadhi ya nyaraka za taifa la Marekani, na nakala yake inalipiwa. Ndani yake mwombaji na mashahidi wanahojiwa: nyumba ina ukubwa gani, kisima kipo, umelima ekari ngapi, umewahi kuondoka? Mashahidi wa mzee wetu walikuwa majirani, na mmoja nilishamwona Kentucky kwenye sensa ya 1870, kurasa chache kutoka kwake. Walihama pamoja! Hakuna aliyewahi kutusimulia hilo.

Kama bajeti yako ni ndogo, pesa peleka kwenye faili hilo kabla ya kulipia tovuti yoyote ya kibiashara. Ila kwanza nakili kutoka GLO Records namba ya hati, ofisi ya ardhi na namba za kiwanja, kwa kuwa hivyo ndivyo wanavyotumia kulitafuta.