Uma za trekta za kuhamishia mitambo ya kuni: zipi ununue kwanza ukiwa Dar es Salaam

Mtu anayepasua kuni kwa wingi, awe na shamba la mikaratusi Kisarawe au ua wa kuuzia kuni pembezoni mwa Mbagala, hufika siku akatambua kwamba kinachomchosha si kupasua bali ni kuhamisha. Mashine ya kupasulia magogo, ambayo nyingi huwa na uzito wa kati ya kilo 200 na 500, benchi la msumeno wa mviringo, jenereta, na pipa la dizeli la lita 200, ambalo likijaa hukaribia kilo 190, vyote hulazimika kuyafuata magogo pale yalipoangushwa, na kuvibeba kwa mabega ya vijana sita ndiko kunakovunja vidole na migongo. Uma zinazofungwa kwenye trekta, yaani vyuma viwili virefu vinavyoingia chini ya mzigo na kuunyanyua kama vya foklifti, huondoa adha hiyo. Ninazipanga hapa kuanzia zile ambazo ningemwambia ndugu yangu anunue hadi zile ambazo ningemkataza, na kigezo changu ni kimoja: trekta ulilonalo leo linaweza kubeba nini na bado likakutii ukikata usukani.

Ya kwanza: fremu ya nyuma iliyotengenezwa na fundi, yenye uma halisi za foklifti

Matrekta mengi utakayoyakuta kati ya Dar es Salaam na mkoa wa Pwani yalinunuliwa kwa ajili ya jembe la sahani na tela, kwa hiyo hayana loda ya mbele, yaani mikono ya kunyanyulia mizigo inayofungwa mbele ya trekta. Yana mikono mitatu ya nyuma, ile inayofungiwa jembe, na hiyo inatosha. Fundi mzuri wa kuchomelea wa Gerezani au Buguruni anaweza kukutengenezea fremu ya chuma inayoingia kwenye mikono hiyo, kisha ukaning'iniza juu yake uma mbili zilizotoka kwenye foklifti iliyochakaa, ambazo hupatikana kwa wauzaji wa vipuri vya mitambo na vyuma chakavu. Ninaiweka chaguo hili mbele kwa sababu kazi ya hatari zaidi, yaani kupinda bila kukatika, unaiachia uma iliyofuliwa kiwandani na kupitishwa kwenye moto maalumu, huku fundi akibaki na fremu, ambayo anaiweza vizuri.

Uma halisi hujitambulisha. Ubavuni mwa mgongo wake, yaani ile sehemu inayosimama wima, utakuta maandishi yaliyogongwa kama 1250 x 500. Namba ya kwanza ni kilo ambazo uma moja inaruhusiwa kubeba; ya pili ni umbali kwa milimita kutoka kwenye mgongo hadi kitovu cha mzigo. Uma mbili za namna hiyo zinabeba kilo 2,500 kwa pamoja, uzito ambao trekta lako dogo halitaufikia. Sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka uyasome maandishi hayo, na kama hayapo kabisa, usilipe.

Kisha pima kisigino, pale ulimi, yaani ile sehemu inayolala chini ya mzigo, unapokunja kupanda juu. Nenda na vernia yako mwenyewe, kile kipimo cha kubana cha kusomea unene kwa milimita. Pima unene wa mgongo, sehemu ambayo haisuguliwi na sakafu, halafu pima kisigino: kama mgongo una milimita 40 na kisigino kimebaki na 36 au chini ya hapo, uma hiyo imemaliza kazi yake. Upungufu wa sehemu moja ya kumi ya unene hupunguza nguvu kwa karibu sehemu moja ya tano, kwa kuwa uimara wa chuma kinachopindwa hufuata kipeo cha pili cha unene wake. Baada ya hapo tafuta nyufa kwa njia ya zamani isiyogharimu kitu: paka mafuta ya taa kwenye kisigino, subiri robo saa, futa kwa tambara kavu, kisha nyunyiza unga wa chaki. Ufa, hata ukiwa mwembamba kama unywele, huyarudisha mafuta nje na kuchora mstari wenye unyevu juu ya chaki. Nimewahi kuuona mstari huo ukijitokeza polepole kwenye uma iliyopakwa rangi mpya ya njano, na muuzaji aliyekuwa amesimama pembeni yangu alinyamaza kwanza, kisha akapunguza bei. Sikununua, kwa sababu ufa wa kisigino hauzibwi: moto wa kuchomelea hulegeza chuma pale pale kinapohitajika kuwa imara.

Kwa fremu yenyewe, mweleze fundi ukubwa wa pini za trekta lako kabla hajakata chuma. Matrekta madogo hutumia pini za chini za milimita 22, na makubwa zaidi milimita 28. Fremu yenye matundu makubwa iliyovalishwa pini ndogo hucheza, hugonga, na hatimaye hula masikio yake. Urefu wa ulimi usipungue theluthi mbili za kina cha mzigo, na kwa paleti ya kawaida, lile jukwaa la mbao la kupangia mzigo, yenye kina cha mita 1.2, ulimi wa sentimita 107 unatosha na unakatiza kona kirahisi kuliko ule wa sentimita 122.

Udhaifu wa chaguo hili nausema wazi. Dereva hufanya kazi akiwa amegeuza shingo, na mikono ya nyuma hainyanyui mzigo juu kiasi cha kuuweka kwenye bodi ya Fuso. Utahitaji kuliteremsha gari mahali ambapo ardhi iko chini zaidi, au ujenge jukwaa la udongo la kupandia trekta.

Hesabu ya uzito nayo lazima uifanye. Chukua trekta la kilo 2,000, ambazo kati yake 800 ziko kwenye ekseli ya mbele, na umbali kati ya ekseli ni mita 2. Ukiweka kilo 500 nyuma, kitovu chake kikiwa mita 1.5 kutoka ekseli ya nyuma, ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 375 na kubaki na 425, yaani asilimia 21 ya uzito wa trekta. Vitabu vya matrekta kwa kawaida hutaka isishuke chini ya asilimia 20, la sivyo usukani hautii. Na kumbuka kwamba fremu na uma zenyewe zinaweza kufika kilo 150, kwa hiyo mashine utakayoibeba salama ni ya kilo 350 tu, mpaka ufunge vyuma vya uzito mbele. Kwenye miinuko ya Pugu ningepunguza zaidi.

Ya pili: uma za nyuma za kiwandani

Hizi huagizwa zikiwa kamili, na wauzaji wa zana wa Barabara ya Nyerere huweza kukuletea. Maonyesho ya Sabasaba, yanayofanyika kila mwaka katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, ni mahali pazuri pa kuulizia na kulinganisha bila haraka. Faida yake ni kwamba uwezo umeandikwa na bushi, yaani vile vipete vya chuma vinavyopitisha pini, zinalingana. Nimeziweka ya pili kwa sababu ya bei, na kwa kuwa baadhi yake hufika na pini za kipimo ambacho trekta lako halina.

Ya tatu: uma za loda ya mbele

Kama trekta lako tayari lina loda, ruka mbili za juu ununue hizi. Unaona ncha za uma mbele yako, unapandisha mzigo hadi bodi ya gari, na unaulaza au kuusimamisha kwa kuvuta mkono mmoja wa haidroliki. Kununua loda kwa ajili ya uma peke yake ndiko sikushauri. Zile kilo 500 zikikaa mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele, ekseli hiyo haiongezewi kilo 500 bali 875, huku ya nyuma ikipunguziwa 375. Trekta lisilo na uzito wa kusawazisha nyuma linaweza kunyanyua matairi yake makubwa, na wakati wa masika yale ya mbele huzama kwenye tope la Mkuranga kama kigingi. Weka uzito nyuma, hata pipa lililojazwa zege, kabla ya kubeba chochote.

Ya nne: uma za kubana kwenye baketi

Hufungwa kwenye mdomo wa baketi ya loda, ile ya kuchotea udongo, kwa skrubu na mnyororo. Ni rahisi, lakini husogeza mzigo mbele kwa urefu wote wa baketi, na mdomo wenyewe hupinda. Zitumie kwa paleti za kuni zilizopasuliwa, si kwa mashine.

Zisizofaa kabisa: ulimi uliochomelewa kwa mabamba

Hapa naongea kwa uchungu. Niliwahi kuazima uma ambazo fundi mmoja alizitengeneza kwa kuunganisha mabamba mawili kwa pembe mraba, mshono ukiwa kwenye kisigino. Zilifanya kazi wiki nzima. Siku ya saba, mashine ya kupasulia ikiwa sentimita 40 tu kutoka ardhini, nilisikia mlio mkavu kama wa tawi, na ulimi wa kushoto ukaanguka pamoja na mashine. Mshono ulikuwa na kutu ya zamani karibu nusu ya unene wake: ufa ulikuwepo siku zote chini ya rangi. Kijana aliyekuwa akishikilia kamba alikuwa ameondoka upande huo dakika moja kabla. Tangu siku hiyo sipokei uma ya namna hiyo hata kwa bure.

Kabla ya kulipa

Omba kufunga uma kwenye trekta lako, nyanyua mzigo unaoujua uzito wake, zima injini, na chora alama ya chaki ukutani usawa wa ulimi. Baada ya dakika kumi, ukikuta umeshuka sana, tatizo liko kwenye haidroliki ya trekta wala si kwenye uma, na ni bora ulijue kabla hujamlaumu muuzaji.

Tenga pia fedha kidogo kwa ajili ya paleti nzito ya mbao ngumu. Mashine ya kupasulia ina boriti ndefu na magurudumu mawili, hivyo huteleza juu ya vyuma vitupu. Ukiifunga kwa bolti juu ya paleti na kuizungushia mkanda wa kukaza hadi kwenye fremu, uma huingia chini yake kila mara bila kubahatisha. Isafirishe ikiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini. Na kwenye risiti, muuzaji aandike namba zilizogongwa kwenye kila uma, kwa sababu nimeona jozi ikibadilishwa kati ya kulipia asubuhi na kupakia jioni.