Uzoefu wangu na mfuko wa kulalia wa manyoya: safari ya milimani iliyogeuka ya theluji

Mfuko huu nimeutumia safari moja tu, lakini ilikuwa safari ya kuujaribu kwelikweli. Tulikuwa marafiki wanne, kila mtu na shanta lake mgongoni, siku nne milimani mwishoni mwa msimu wa majani kupukutika. Tuliondoka bondeni kukiwa na jua, njia imetandikwa majani ya rangi ya kutu. Siku ya pili, kwenye saa tisa alasiri, theluji ikaanza kuanguka: kwanza punje ndogo ngumu zilizokuwa zikidundadunda kwenye mikono ya koti, kisha mabonge laini, na kabla ya jioni njia ilikuwa haionekani tena.

Usiku huo ndio ulionifundisha kuusoma mfuko wangu. Nje umeandikwa kwa tarakimu kubwa kwamba unafaa mpaka nyuzi 6 chini ya sifuri. Utabiri ulikuwa umesema bondeni kutakuwa na nyuzi 5 juu ya sifuri, nami nikaona nina akiba ya kutosha. Sikupiga hesabu kwamba kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu, na sisi tulikuwa tumepanda karibu mita 1,200. Tena tulipiga hema kwenye kibonde kando ya kijito ili kuukwepa upepo, kumbe hewa baridi ni nzito na usiku huteremka ikatuama mahali pa namna hiyo kama maji. Saa nane usiku kipimajoto cha mwenzangu kilionyesha nyuzi 5 chini ya sifuri, na hapo ni ndani ya hema.

Nilitetemeka. Cha ajabu, kifua kilikuwa na joto zuri tu. Baridi ilikuwa kwenye nyonga, kwenye bega nililolilalia na kwenye nyayo. Rafiki yangu tuliyelala hema moja, ambaye amepanda milima miaka mingi kuliko mimi, akaamka akaniambia, "Ndugu yangu, baridi yako inatoka chini." Akawasha tochi ya kichwani, akaubana mfuko kwa vidole viwili pale chini ya ubavu wangu. Manyoya yalikuwa yamelala bapa, unene wake haukuzidi wa kitambaa cha meza. Juu yangu, upande ambao haukukandamizwa, yalikuwa yameumuka kama mkate.

Nikaelewa pale pale. Kinachotunza joto ni hewa inayonaswa katikati ya manyoya, na ukiyalalia hewa yote inatoka. Upande wa chini kazi yote inabaki kwa godoro. Langu ni la kujaza upepo, la safari za kiangazi, kipimo chake cha kuzuia baridi, ile R inayoandikwa kwenye lebo, ni 2 tu. Uzuri wa R ni kwamba hujumlishwa: ukiweka kitu juu ya kingine, unajumlisha tarakimu zake. Akachukua mkeka wake wa sponji, ule wa kukunja tunaoukalia wakati wa kupika, akausukuma chini ya godoro langu kuanzia mabegani hadi kwenye nyonga. Miguu nikaiweka juu ya shanta tupu. Haikuchukua muda nikapata usingizi.

Asubuhi nilisoma lebo ndogo iliyoshonwa ndani, karibu na miguu. Kumbe nyuzi 6 chini ya sifuri ni kikomo, na kiwango cha kulala kwa starehe ni sifuri. Kipimo cha ISO 23537, yaani utaratibu wa kimataifa wa kupima mifuko ya kulalia, hufanywa kwa sanamu yenye vipasha joto ndani yake, iliyovalishwa nguo ndefu za ndani na kulazwa juu ya godoro. Kiwango cha starehe hukadiriwa kwa mwanamke wa wastani aliyelala amejiachia; kikomo hukadiriwa kwa mwanamume wa wastani aliyejikunyata. Kipo na kiwango cha tatu, cha hatari, ambacho hakuna mtu anayepaswa kupangia safari. Watengenezaji wanaochapa kikomo kwa tarakimu kubwa na kuificha starehe miguuni hawawatendei haki wanunuzi. Mtu anaweza kuumia kwa jambo kama hili. Kabla hujalipa, geuza mfuko, utafute tarakimu ya starehe.

Usiku uliofuata tulihamia juu kidogo, penye miti. Nilikula chakula cha mafuta kabla ya kulala, nikavaa kofia ya sufu, nikaweka chupa ya maji ya moto ndani ya soksi na kuikumbatia tumboni, na mkeka ukiwa chini. Kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 7 chini ya sifuri. Nililala fofofo, na chupa ilikuwa bado vuguvugu alfajiri.

Kwa hiyo mfuko wenyewe ni mzuri, na ninausifu kwa moyo wote. Una gramu 940, unabanwa ukawa mdogo kama sufuria yetu ya kupikia, na kola ya shingoni inazuia joto lisitoroke kila unapojigeuza. Kofia yake ina kamba moja unayoweza kuivuta ukiwa umevaa glavu. Zipu ndiyo iliyoniudhi: ilishika kitambaa cha ndani mara tatu usiku mmoja, na gizani, vidole vikiwa vimekufa ganzi, hilo si jambo dogo.

Kuna unyevu pia. Pumzi zetu ziliganda kwenye kuta za hema, na kila mmoja wetu alipogusa ukuta vipande vya barafu vilitudondokea usoni. Miguu ya mfuko wangu iligusa ukuta usiku kucha. Asubuhi manyoya ya pale yalikuwa yamelowa na kushikana vidonge vidonge, na palipolowa hapakuwa na joto lolote. Niliuanika kwenye tawi juani kwa muda wote wa mapumziko ya mchana ndipo yakaanza kuumuka tena, huku nikiyachambua kwa vidole. Kwa safari za mvua nyingi ningekushauri uchukue mfuko uliojazwa nyuzi za kutengenezwa kiwandani badala ya manyoya: ni mzito zaidi, lakini ukilowa bado unatunza joto.

Ukirudi nyumbani usiuache umebanwa kwenye kifuko chake, maana manyoya yatachoka. Wangu nimeuning'iniza kabatini. Godoro la kiangazi nimempa mdogo wangu, na mkeka wa sponji nimenunua wa kwangu, mrefu wa kufika miguuni.