Mafundisho ya watu wazima parokiani, Dodoma mjini: nyota 4

Jamani kama uko Dom na unataka kuingia Katoliki, iwe sababu ya ndoa au moyo wako tu, hawa watu nawasifia. Mi nimekulia Anglikana, huku Ugogoni ndo tumejaa, na nilikuwa naogopa watanibatiza upya kama vile walichonifanyia wazazi wangu si kitu. Wapi! Katekista kaomba cheti, kakisoma, kanielekeza taratibu kabisa kwamba kama ulibatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu imetosha, Mwanglikana au Mlutheri harudiwi, unakiri imani unapata kipaimara na komunyo basi. Ubatizo wa Wamormoni ndo hawautambui, Roma ilishajibu hivyo 2001. Rafiki yangu aliyehamia kwa Wapentekoste yeye alizamishwa upya mana ule wa utotoni hawauhesabu, na kwa kweli iliniuma.

Nyota moja nimekata sababu ofisi inachelewa kufunguliwa na wazee wanasubiri juani, hapo warekebishe. Nendeni na cheti orijino, kama kimepotea ombeni kanisa mlikobatizwa waangalie kwenye daftari.