Kipande cha sita kimekataa kuingia

"Mathee, si ni za kuchezea tu?" Hayo ndiyo majibu niliyopewa dukani, na hadi leo nikiyakumbuka mkono unaoshika mkasi hutetemeka.

Nilinunua vile vipande vya mbao vya rangi rangi, vya kupangia maumbo, katika duka moja la vifaa vya shule katikati ya jiji. Shilingi 1,800, si pesa za kuokota. Mwalimu wa kitinda mimba wangu wa PP1, yaani chekechea, ndiye aliyenishauri. Alinieleza kwamba vilibuniwa Marekani miaka ya 1960, na kwamba vinashikana kwa sababu kila upande wa kila kipande ni inchi moja, isipokuwa ule mrefu wa chekundu, ambao ni inchi mbili. Kile cha manjano chenye pembe sita unakifunika kwa vyekundu viwili, vile vilivyokaa kama karai lililofunikwa, au kwa vya buluu vitatu vyenye umbo la kashata, au kwa vya kijani sita, pembetatu kama sambusa. Mtoto bado hajui kuandika nusu wala theluthi, lakini ameishika mkononi.

Basi jioni tukaketi mkekani. Vyekundu viwili, sawa. Vya buluu vitatu, sawa, akapiga makofi. Vya kijani: kimoja, viwili, tatu, nne, tano... cha sita kikakataa. Akakisukuma. Akakigeuza. Akakipiga ngumi. Kisha akaniambia, "Mama, mimi sijui hesabu." Hata miaka mitano hajafika! Hilo ndilo lililoniuma, wala si ile 1,800.

Mimi ni fundi wa nguo. Nikachukua futi yangu. Zile pembetatu upande mmoja ulikuwa umezidi, upana wa njiti ya kiberiti hivi. Kwenye gauni, njiti ya kiberiti naweza kuificha katika pindo. Kwenye pembetatu sita zinazokutana mahali pamoja utaificha wapi?

Nikarudi dukani siku mbili tatu baadaye, baada ya matatu kunikalisha Jogoo Road hadi nikasinzia. Kijana anatafuna chingamu, hata mfuko hakuufungua. Halafu akafanya jambo lililonichoma kuliko yote. Alichukua mraba wa rangi ya chungwa, akauweka juu ya kile cha manjano. "Unaona? Hata huu hautoshei. Ndivyo vilivyotengenezwa."

Na kuhusu mraba, alisema kweli! Mraba na kile chembamba cha rangi ya mbao havitafunika kile cha manjano hata ukeshe navyo. Vina mambo yao wenyewe: vyembamba viwili eneo lao ni sawa na la mraba mmoja, ingawa ukivilaza juu yake havikai. Lakini kijani? Kijani ni mtoto halali wa manjano. Yaani anachukua ukweli wa mraba kutetea uongo wa pembetatu, tena mbele ya wateja.

Nikamwambia, "Kijana wangu, mimi hushona sare za shule. Nikikuletea kaptura mguu mmoja mrefu, nikwambie si ni ya mtoto tu, utanilipa?"

Akacheka. Akanielekezea kidole karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

Nilikuwa nimeshakata shauri: msinunue, nyota sifuri, nimemaliza.

Lakini (na hapa najikasirikia mwenyewe) juzi nikiwa kwenye cherehani binti akaniita. Vyote sita vimekutana katikati na hakuna pengo. Alikuwa amevichanganya, vingine amevielekeza kwa kona pana, vingine kwa kona nyembamba. Kwa nje vilikuwa meno meno kama msumeno, vinachungulia nje ya manjano, ila katikati pamefungika kabisa. "Huyu ana kichwa kikubwa," akanionyesha kona pana. Alikuwa amezitia alama zote kwa chaki yangu ya kukatia nguo. Kilichonilazimu mimi kutoa futi, yeye amekiona kwa kugeuza geuza tu. Sijui kama vipande vizuri vingemfikisha hapo.

Msinielewe vibaya. Hiyo si sifa ya duka. Hiyo ni akili ya mtoto wangu, na chaki ni yangu.

Fundi mmoja wa samani Gikomba amekubali kunikatia vya kijani ishirini na vinne kwa kielelezo cha kadibodi nilichokikata mwenyewe. Nyota basi ni mbili. Ama moja na nusu, nikimkumbuka yule wa chingamu. Vile vibovu nilitaka kuviwashia jiko, lakini binti amevificha chini ya kitanda na hataki niviguse.