Fundi laptopu wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo: nendeni tu

Tachipadi ya laptopu yangu, ile sehemu ya kusogezea kishale kwa kidole, iligoma ghafla: kishale kimeganda, kitufe cha kushoto hakibonyei kabisa. Nilishaizima na kuiwasha, nikabonyeza Fn pamoja na kile kitufe chenye alama ya tachipadi, hata dreva (programu inayoiendesha) nikasasisha. Wapi! Duka la kwanza wakataka nibadilishe tachipadi nzima, bila kufungua hata skrubu moja.

Huyu kaka wa Aggrey aliiweka laptopu mezani, akaigusa pembeni kwa kidole. Ikayumba. "Dada, tachipadi yako haina tatizo. Betri imevimba, inaisukuma kutoka chini." Akafungua mfuniko mbele yangu, na kweli, betri imetuna kama andazi. Akaitoa taratibu sana, maana betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kulipuka moto. Tukawasha kwa chaja peke yake: kishale hicho kinatembea!

Betri mpya Sh 65,000, ufundi Sh 15,000, na risiti yenye dhamana nikapewa. Foleni ni ndefu na kiti ni kimoja, lakini fundi anayekuonyesha ugonjwa kwa macho yako kabla ya kutaja bei ni wa kumshikilia. Laptopu yako ikianza kuyumba mezani, acha kuichaji, mpelekee.