Google Workspace kwa Ofisi ya Uhasibu Isiyo na Jengo

Kwa kampuni ndogo ya uhasibu ya Dar es Salaam ambayo watumishi wake hufanyia kazi majumbani, mmoja Kigamboni, mwingine Mbezi, mwingine hata Morogoro, swali la kwanza kuhusu Google Workspace, huduma ya Google ya kulipia yenye barua pepe, hati, majedwali na mikutano ya video, halihusu ubora wa picha kwenye mikutano, bali ni nani mwenye faili la mteja siku mhasibu anapoacha kazi. Hapa ndipo huduma hii inapostahili sifa. Hati iliyowekwa kwenye hifadhi ya pamoja (Shared drive) huwa mali ya kampuni, si ya akaunti ya aliyeiandika, na akaunti hiyo ikifungwa hesabu hubaki pale pale. Aidha, historia ya mabadiliko humwonyesha mkaguzi nani alibadili tarakimu na saa ngapi, jambo ambalo ofisi zinazotumiana majedwali kwa WhatsApp hazilipati kamwe.

Kifurushi cha Business Starter hutoa GB 30 kwa kila mtumiaji, kiasi ambacho risiti zilizoskaniwa hukimaliza upesi kuliko mtu anavyodhani. Business Standard hutoa TB 2 na huruhusu kurekodi mikutano. Waliozoea makro za Excel, yaani amri zinazojirudia zenyewe, wajue kwamba hazifanyi kazi kwenye majedwali ya Google, hivyo leseni ya Excel bado itahitajika.

Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania kudorora, ilidhihirika kwamba ofisi ya namna hii inaning'inia kwenye waya. Hati zinaweza kuhaririwa bila mtandao kupitia Chrome au Edge, ila sharti kipengele hicho kiwashwe mapema, na faili husika liwe limeshahifadhiwa kwenye kompyuta. Msimamizi asiliache jambo hilo kwa hiari ya kila mtu.

Linalobaki ni la kisheria. Taarifa za wateja huhifadhiwa nje ya nchi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti juu ya kuzisafirisha. Naipendekeza huduma hii, na hasa Business Standard, kwa kampuni ambayo tayari imejisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuliweka suala hilo wazi katika mkataba wake na kila mteja.