Nguo za Baridi kwa Mtoto wa Deikea, Arusha na Moshi: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Baridi ya Arusha ina saa zake. Mwezi wa Julai, alfajiri, joto hushuka hadi kama nyuzi 12 au 13 za Selsiasi, ukungu ukatanda juu ya nyasi hadi saa tatu au saa nne, na siku ambayo jua litajitokeza, ikifika saa saba mchana joto limeshapita nyuzi 20 na mtoto yuleyule aliyekuwa akitetemeka getini anavua kila alichovalishwa nyumbani. Mzazi anayeingia sokoni bila kuzingatia saa hizo hununua koti moja zito, akiamini amemaliza kazi. Mwongozo huu umeandikwa kwa wazazi na kwa wenye vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na unapanga manunuzi kuanzia kile kinachostahili fedha ya kwanza hadi kile ambacho, kwa maoni yangu, ni bora kibaki mnadani.

Wapo watakaouliza kwa nini mtoto asikae ndani hadi jua litoke. Katika miezi ya Juni hadi Agosti jua linaweza lisionekane siku nzima, ilhali Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate walau dakika 180 za kuchezesha mwili kila siku, na aliyefika miaka mitatu dakika 60 kati ya hizo ziwe za mchezo wa nguvu, wa kukimbia na kuruka. Dakika hizo hazipatikani katika chumba kimoja chenye mkeka na watoto ishirini. Kinachowafungia wengi ndani ni hofu ya nimonia, lakini nimonia huletwa na vimelea, hasa bakteria na virusi, navyo hupita kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine kwa urahisi zaidi katika chumba kilichofungwa madirisha kuliko uwanjani. Mtoto aliyevaa vizuri na akabaki mkavu anaweza kucheza nje asubuhi zote za kipupwe.

Kabla ya kutoa fedha, mzazi aangalie anaishi wapi. Arusha mjini iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na anayekaa Ilboru au Ngaramtoni, mlimani zaidi, anaijua baridi kuliko wa katikati ya mji. Moshi mjini iko chini zaidi, kati ya mita 800 na 900 hivi, na mtoto wa Majengo au Pasua mara nyingi hutosheka na sweta moja ya asubuhi. Ukipanda kwenda Kibosho, Machame au Marangu, hesabu inabadilika kabisa, kwa sababu huko manyunyu na ukungu hukaa karibu na migomba hadi adhuhuri. Mpangilio unaofuata unamfaa zaidi mtu wa Arusha na wa miteremko ya Kilimanjaro. Wa Moshi mjini anaweza kuishia katikati ya orodha.

Kwanza: jaketi jepesi la kuzuia upepo na manyunyu

Hiki ndicho kitu ambacho watoto wengi hawana, na ndicho kinachobadilisha asubuhi yote. Sweta ya kufuma hutunza joto kwa kunasa hewa kati ya nyuzi zake, lakini upepo ukipita hewa hiyo huondoka, na manyunyu yakiingia sweta huwa nzito na baridi. Jaketi jembamba la nailoni au poliesta, lisilo na pamba ndani, likivaliwa juu ya sweta huilinda hewa hiyo. Jua likitoka mtoto hubaki na sweta yake, na jaketi linakunjwa na kuingia kwenye begi bila taabu.

Mahali pa kulipata kwa bei nafuu ni mitumba: Kilombero mjini Arusha, Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi, Memorial na Kiboriloni kwa watu wa Moshi. Majaketi ya watoto hutoka kwenye belo mchanganyiko, mengine mapya kabisa, mengine yamechoka, na muuzaji atayapigia debe yote kwa sauti ileile, kwa hiyo mnunuzi ayapime mwenyewe. Weka kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu: pumzi ikitokea upande wa pili bila kizuizi, upepo wa Meru nao utapita. Dondoshea matone mawili ya maji begani, mahali mvua inapoanzia, uone kama yanateleza au yanazama. Kisha geuza jaketi ndani nje. Majaketi ya mvua hupakwa tabaka jembamba upande wa ndani, na yakikaa miaka mingi tabaka hilo huanza kunata vidoleni au kubanduka vipande vyeupe. Hilo lirudishe hata ukipewa kwa bei ya kutupa, kwani halitazuia maji tena. Pandisha na kushusha zipu mara kadhaa hadi chini kabisa, kwa sababu zipu nyingi huharibika pale inapoanzia, na mtoto wa miaka mitatu hawezi kuibembeleza. Vuta lastiki ya mkononi uone kama inarudi.

Jambo moja halina mjadala: kamba ya kuvutia kwenye kofia au shingoni ing'olewe kabla jaketi halijavaliwa. Kamba hizo hunasa kwenye mteremko wa kuchezea au kwenye bembea na kumkaba mtoto. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya EN 14682 hakiziruhusu kwenye kofia na shingo za nguo za watoto wa umri wa chini ya miaka saba, na Marekani ilitoa mwongozo wa aina hiyo mwaka 1996. Mitumba, hata hivyo, haina mwaka, na majaketi yenye kamba bado yanatoka kwenye belo. Mkasi na dakika moja vinatosha.

Kuhusu saizi, lebo za Ulaya huandikwa kwa sentimita za urefu wa mtoto: 98 ni ya mtoto wa miaka mitatu hivi, 104 ya miaka minne, 110 ya miaka mitano. Za Marekani huandikwa 3T au 4T, na za Uingereza hutaja umri wenyewe. Umri hudanganya, hivyo mpime mtoto ukutani kwa futi ya fundi kabla ya kwenda sokoni, kisha chagua jaketi lililozidi saizi moja, maana litakaa juu ya sweta. Usizidishe saizi mbili. Mikono inayofunika vidole humzuia mtoto kushika bembea.

Pili: viatu vilivyofunika na soksi za akiba

Nyasi za asubuhi hapa huwa na umande hata pasiponyesha, na udongo wetu ukilowa hung'ang'ania unyayo. Mtoto mwenye miguu mikavu huvumilia baridi ya juu kwa muda mrefu, ilhali aliyelowa soksi huanza kulialia baada ya robo saa hata kama amevaa vizuri juu. Chaguo la kwanza ni mabuti ya mvua ya mpira, yale mafupi ya watoto, yakivaliwa na soksi nzito. Yanaoshwa kwa kopo moja la maji na kukauka kwa kufutwa. Kasoro yake ni kwamba hayapitishi hewa, kwa hiyo yawe ya uwanjani tu, na mtoto abadilishe akiingia ndani. Chaguo la pili ni raba ya ngozi bandia yenye mkanda wa kubandika, ambayo mtoto anaweza kuivaa bila msaada, jambo ambalo mlezi mwenye watoto kumi wa kuvalisha atalishukuru. Raba ya turubai inafuata kwa mbali, kwani ikilowa Jumatatu haikauki hadi Jumatano. Yeboyebo ibaki ya ndani na ya msimu wa jua.

Viatu visinunuliwe vikubwa ili "akue navyo". Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya sentimita moja hivi. Ikizidi hapo mtoto hujikwaa. Kiatu cha mtumba kikiwa kimelala upande mmoja kisigino, kiache, kwa sababu kitaufundisha mguu wa mtoto wako mwendo wa mtoto mwingine. Soksi na singlendi zinunuliwe mpya dukani. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na hata pasingekuwa na katazo, jozi tatu za soksi mpya si gharama ya kumrudisha mtu nyumbani.

Tatu: sweta

Hapa chaguo ni nyingi, na tofauti zake ni ndogo kuliko wauzaji wanavyodai. Ninaipa nafasi ya juu sweta ya mtumba ya poliesta yenye manyoya mafupi, ile laini kama blanketi la mtoto mchanga: ni nyepesi, hainywi maji mengi, na ikifuliwa jioni na kukamuliwa vizuri ina nafasi kubwa ya kuvalika asubuhi hata bila jua, jambo la maana sana kwa mwenye sweta moja. Inayofuata ni ya kufumwa na mafundi wetu wa mashine za mkono, wanaofuma pia masweta ya shule; faida yake ni kwamba unapimiwa, unachagua rangi, na kiwiko kikitoboka fundi anakirudia. Uliza uzi ni wa aina gani, kwani mwingi ni akriliki, ambao ni imara na haukwaruzi, na si sufu kama wanunuzi wengi wanavyodhani. Sufu halisi hubaki na joto hata ikiwa na unyevu, lakini huhitaji kufuliwa kwa upole, na sijui dada wa kazi gani ana nafasi hiyo saa kumi na mbili asubuhi. Masweta mazito ya pamba, yale yenye kofia na mfuko mkubwa tumboni, yanapendeza dukani na yanapendwa na watoto, ila hunywa maji na kuchelewa kukauka. Yafaa kwa siku kavu.

Onyo dogo kwa nguo zote za poliesta na akriliki: zikishika moto huyeyuka na kugandia ngozi. Kituo kinachopika uji kwa jiko la mkaa uani kihakikishe watoto hawaendi kuota moto hapo.

Nne: mzula, na mengine madogo

Mzula mmoja unaofunika masikio unatosha. Skafu isije kabisa deikea, kwa sababu ileile ya kamba. Glavu si lazima katika baridi yetu na hupotea siku ya kwanza. Tatizo la mzula ni kuazimana: watoto hubadilishana bila kuulizana, na mapunye husafiri kwa njia hiyo hiyo. Shona jina la mtoto ndani kwa uzi wa rangi tofauti, fua kila wiki, na mlezi aiweke mizula kila mmoja kwenye begi la mwenyewe badala ya kuirundika kwenye kapu moja.

Nguo za mitumba zote, kabla ya kuvaliwa, zilowekwe kwa sabuni na kufuliwa, kisha zikikauka zipigwe pasi kwa moto unaostahimiliwa na kitambaa chake. Jaketi la nailoni lisipigwe pasi. Lianikwe nje hadi harufu ya belo iishe.

Mwisho: koti zito la manyoya

Ninaliweka mwisho nikijua kwamba ndilo linalouzika kuliko vyote Juni. Makoti haya yalishonwa kwa ajili ya nchi ambazo mtoto hucheza kwenye theluji chini ya nyuzi sifuri. Kwetu, dakika kumi za kukimbia zinatosha kumlowesha mtoto jasho ndani yake, na akisimama jasho hilo hupoa mgongoni, naye akahisi baridi kuliko asiyevaa koti. Likilowa huchukua siku mbili au tatu kukauka, na lililojazwa manyoya ya ndege likifuliwa ovyo hujikunja mabonge na kupoteza kazi yake. Mtoto mchanga anayebebwa, asiyekimbia, anaweza kulihitaji. Mtoto anayeletwa kwa bodaboda kutoka mbali naye ana hoja, kwa kuwa upepo wa njiani ni mkali kuliko wa uwanjani. Hata hivyo shuka la Kimasai likifungwa vizuri juu ya jaketi jepesi hufanya kazi hiyohiyo, kisha hukunjwa getini na kurudi nyumbani na mzazi.

Kwa bei ya koti moja zito zuri, mtu mwenye subira sokoni hupata jaketi jepesi na sweta, na mara nyingine mzula juu yake. Subira hiyo ina msimu: Februari na Machi, kabla masika hayajakolea, majaketi ya watoto hukaa chini ya rundo na muuzaji anakubali kushuka bei, Juni ikifika kila mzazi anatafuta kitu kilekile. Wenye vituo wanaweza kutumia miezi hiyo hiyo kununua kwa pamoja majaketi machache ya saizi 98 hadi 110 na jozi kadhaa za mabuti, yakae kituoni kama akiba ya watoto waliokuja bila, huku wazazi wakichangia kidogo kidogo pamoja na ada. Aliyechelewa hadi Juni na kwa sasa ana fedha ya kitu kimoja tu, ageuze mpangilio huu, kwa kuwa jaketi la bei nafuu halipatikani haraka: anunue viatu na soksi wiki hii, mtoto avae sweta mbili zilizopo, na jaketi litafutwe Tengeru Jumamosi mapema, belo linapofunguliwa.